Mama Aliponinyang'anya Ufagio

Usiku ule tulilala watu wanne chumba kimoja: mimi Mwanahawa, wadogo zangu Shabani na Rehema, na mama mdogo Hadija, ambaye alikuwa amepanda milima kutoka Korogwe kuja kuwachukua hao wadogo zangu. Hakuja kwa ubaya. Jioni aliizunguka bustani yetu nyuma ya nyumba, akaona mchicha uliodumaa na mpapai uliobaki mizizi nje, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hapa mnakula nini? Asubuhi naondoka nao." Nilikuwa nimeacha shule ili tusitawanyike sisi watatu. Nililala nimemshika Rehema mkono.

Nikasikia mtu anacheka uani. Nilikijua kicheko kabla sijamwona mwenyewe. Alikuwa mama, kajifunga kanga kifuani kama anayetaka kufua. Nje ni mchana, jua limeshapanda, na mimi niko uani nafagia. Wala sishangai kumwona, ingawa najua kwamba tulimzika.

Yeye ndiye aliyenifundisha kufagia kila alfajiri kuanzia kizingitini hadi mpakani, kiwanja chote, kisha kuchoma majani. Alipofariki nikazidisha, mtu asije akasema nyumba ya yatima ni jalala.

"Lete huo ufagio," anasema.

Nampa kwa mikono miwili. Anauweka chini, anaukalia.

"Haya, sasa fagia tuone."

Kisha ana birika la chai mkononi. Anamimina maji juu kabisa ya kiwanja, na birika haliishi. "Yafuate," anasema. Maji yanashuka mbio juu ya udongo mtupu, yanageuka mekundu, yanapita kwenye mchicha, yanachimba chini ya mpapai. Tunayakimbilia. Mama anakimbia kama msichana, kanga kaishika mkononi, mpaka tunaangukia shambani kwa Mama Salehe, jirani yetu wa bondeni, kwenye magimbi yenye majani makubwa kama miavuli. Mama anapiga magoti, anachota udongo, anaunusa.

"Huu wetu," anasema. "Na hata gimbi moja hajatuletea!"

Tukacheka mpaka nikashika mbavu.

Mara tuko juu tena, bila kupanda. Mvua inanyesha na hatulowi. Mama anatembea akikata mteremko, hapandi wala hashuki, anaburuta kisigino, na pale kinapopita ardhi inafunguka mtaro. Maji yanaingia mtaroni yanalala, kama mtoto aliyechoka kucheza. Chini ya mtaro migomba inasimama. Kivulini mwa migomba inaota iliki, na penye jua maboga yanatambaa juu ya maharage. Maji ya bafuni yanajiendea kwenye shimo la mgomba mnene. Mlangoni mwa jiko kabisa, hatua moja tu kutoka mafigani, mchicha na mnafu vimebanana.

"Mbona mboga umeileta mlangoni, mama?"

"Ya kila siku ikae karibu. Ukiiweka mbali, siku ya mvua utawapa wadogo zako ugali na chumvi."

Anaanza kumwaga majani makavu juu ya udongo wote, mafungu kwa mafungu, anarusha juu kama anayetupa mchele harusini.

"Mama, watu watasema!"

Akaacha. Akasogeza uso wake karibu sana na wangu. Ananukia moshi na sabuni.

"Hao watu niliwaogopa mimi kwanza. Nikakufundisha kuivua ardhi nguo. Ivishe, mwanangu."

Shabani na Rehema wako kwenye maboga, wanagombana nani abebe kubwa. Nikapata nguvu ya kuuliza. "Mama, wadogo zangu waende?"

Anafuta mikono kwenye kanga. Sura yake inaanza kupungua, kama mvuke.

"Muulize mdogo wangu anapenda kula nini," anasema. "Kisha mwonyeshe kitakapoota."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, mashavu yangu yamelowa, na nilikuwa nacheka.

Nilimsimulia mama mdogo tukinywa uji. Akaweka kikombe chini.

"Alisema amekosea? Basi huyo si dada yangu. Dada yangu hajawahi kukosea, ungemuuliza marehemu baba yako!"

Shabani akapaliwa na uji kwa kucheka.

"Mama mdogo, unapenda kula nini?"

"Mimi? Ndizi."

"Njoo nikuonyeshe."

Nikamwaga ndoo ya maji juu kabisa ya kiwanja. Akayafuata, kanga kaipandisha magotini, akilalamika njia nzima, mpaka kwenye magimbi. Hapo akainama, akautazama udongo. Nikamwonyesha mtaro utakapopita, shimo la mgomba kando ya bafu, mboga mlangoni. Akatazama juu, akatazama chini, akaita kwa sauti, "Rehema! Wewe na Shabani toeni nguo zenu kwenye begi. Nitarudi mvua za vuli zikiisha. Nisipokuta chakula, sitaki kusikia ndoto nyingine."

Mama Salehe alikuwa ametoka kusikiliza. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwomba machipukizi ya mgomba. Huku kwetu hayauzwi: anayepewa hurudisha machipukizi, mgomba wake utakapozaa.

"Udongo wenu nimeshaula, siurudishi," akasema, akinikabidhi manne yenye matope. "Lakini haya nakudai, Mwanahawa."

Mtaro tumechimba, majani tumetandaza, na migomba imefungua jani la kwanza. Watoto wa migomba hiyo bado hawajachomoza. Kila nikimpita Mama Salehe ananiuliza, "Wangu wako wapi?" nami namjibu, "Bado, mama, bado nadaiwa."