Moto wa Chini

Shangazi yangu amepiga pasi kwa dobi miaka ishirini na miwili. Nguo zilinyooka, yeye akapinda. Daktari alipomwambia bega lake halitaki tena pasi, aliitikia "sawa, daktari", na kesho yake akaenda kazini kama kawaida, maana bega ni moja na midomo ya kulisha ni mingi.

Njia ya kutokea ilikuwa sabuni. Meneja wa nyumba ya wageni ya mtaa wa pili alikuwa akitafuta mtu wa kumtengenezea sabuni ndogo za vyumbani, na alisema atapita Jumamosi asubuhi aone kazi. Shangazi akanunua mapande matatu ya sabuni mama, ile nyeupe isiyo na harufu wala rangi, ambayo unaiyeyusha, unaitia manukato, unaimimina kwenye vibati. Muuzaji alimrekodia maelekezo kwenye simu: "Ikate vipande vidogo. Moto uwe wa chini. Ikichemka tu, imeharibika."

Shangazi aliyasikiliza mara nne. Kisha akalitoa jiko la gesi mezani, akaliweka sakafuni.

"Shangazi, mbona huko?"

"Hujasikia? Moto wa chini. Nyie mlioacha chuo nusu, na masikio yenu nusu."

Nikamsogezea mtungi. Aliyeikimbia diploma ya kemia katikati hana ubavu wa kubisha. Halafu, kusema kweli, niliona kama ina maana: joto si hupanda juu?

Pande la kwanza likayeyuka, likatoa mapovu, likafuka moshi, likawa njano kama meno ya mvuta tumbaku. Lilipopoa, juu gamba, ndani kamasi.

"Tumekosea wapi?" Shangazi alilizunguka jiko. "Au hapa si chini ya kutosha?"

Tukatazamana. Hapo ndipo mtu mmoja alipaswa kucheka, na hakutokea. Tukabeba jiko na mtungi wake mpaka uani, ngazi tatu chini. Moto ukavuma vilevile. Pande la pili likamfuata nduguye.

Akampigia muuzaji, hapatikani. Akaisikiliza tena rekodi, simu imegandamana na sikio.

"Anasema chini. Chini zaidi ya hapa si kaburini?"

Tulikuwa tunakata pande la mwisho, meneja akabisha mlangoni.

"Hodi! Hiyo ni sabuni au mnachoma kiatu?"

"Karibu, mama," Shangazi akajibu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Meneja akashuka zile ngazi, mkoba kwapani. "Jiko la ndani limefuata nini nje?"

"Moto wa chini, mama. Ndivyo nilivyoelekezwa."

Yule mama akalitazama jiko, akazitazama ngazi, akanitazama mimi. Mimi nikatazama mawingu. Akachuchumaa, akaizungusha swichi ya jiko. Moto uliokuwa unanguruma ukanywea, ukabaki pete ya buluu.

"Huu ndio wa chini."

"Hapo hapo? Bila kulihamisha?"

"Hata ukiliweka darini."

"Sasa si angesema mdogo!"

Vipande vikaingia sufuriani, Shangazi akakoroga polepole, na sabuni ikalegea yenyewe, laini, bila povu wala moshi. Meneja alisimama mpaka kibati cha mwisho kikajaa.

"Pale kwangu," akasema, "nikisema mashuka yabadilishwe, wanayageuza upande wa pili. Wewe umeambiwa chini, umebeba jiko mpaka uani. Alhamisi niletee za vyumba vyote."

Akaondoka. Shangazi alibaki na mwiko mkononi, unadondosha sabuni kwenye kidole chake cha mguu.

"Mwanangu, hapo nimesifiwa au nimetukanwa?"

"Umepata kazi, Shangazi."

"Hilo sijakuuliza."