Mwaka Aliponenepa Baba

Miaka ile ya ukimwi Mwanza iliogopa wembamba. Mtu akipungua kidogo tu, hata kwa malaria, majirani walianza kumsalimia kwa mbali na kuulizana kwa macho. Kwa hiyo baba alipoanza kunenepa, nyumba yetu nzima ilishusha pumzi, na mama akawa anakwenda sokoni kichwa juu.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba, baada ya wanunuzi binafsi kuingia na malori yao na ushirika kuanza kuyumba. Wenzake waliopunguzwa naye walikonda kwa mawazo. Yeye uso ulijaa, mashavu yakang'aa, na tumbo likamtangulia. Watani wake walimwambia kukaa nyumbani kumemkubali, wakidai anakula kiinua mgongo peke yake. Baba alicheka nao. Ni kweli kwamba alipanda kilima chetu cha Igogo kwa kusimamasimama, akihema, lakini tulisema ndivyo wanene walivyo. Nakasirika hadi leo nikikumbuka tulivyofurahi.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa fizikia, kijana aliyependa kufundisha mambo yasiyokuwamo kwenye mtihani, alitueleza siku moja habari za nyota zilizozeeka. Akataja ile ya rangi ya chungwa inayoonekana kwa macho matupu nyuma ya Kilimia, kile kikundi cha nyota wanachokitazama wakulima. Nilifurahi kwa sababu niliijua. Baba, aliyekulia kwenye mashamba ya pamba huko Magu, alinionyesha Kilimia nikiwa mdogo, na hiyo ya nyuma aliiita mfuasi tu.

Jioni hiyo, mwezi wa Januari, mtaa wetu ulikuwa kwenye mgao wa umeme, na mbingu ilionekana vizuri. Baba alikaa nje juu ya jiwe, suruali ameikunja hadi magotini, na ziwa chini yetu lilikwisha kuwa jeusi. Mama alikuwa anapepea jiko la mkaa. Nikamwonyesha baba ile nyota, nikaanza kujivuna na somo langu: kwamba ni kubwa mara nyingi kuliko jua letu, na kwamba haikuzaliwa hivyo. Ukubwa ule umeijia uzeeni.

"Basi inakula vizuri," baba alisema.

Nikamweleza kwamba ni kinyume. Kilichokuwa kinawaka katikati yake kimekwisha, ndiyo maana inatanuka kwa nje na kupoa, hadi ikapata rangi ile. Nikarudia maneno ya mwalimu kama alivyoyasema: haijanenepa, imevimba.

Mama akaacha kupepea. Aliinuka na koroboi, akapiga magoti mbele ya baba, akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu wake. Alipokiondoa, shimo lilibaki. Tulilitazama sote watatu, na halikujaa. Niliingiwa na hofu ambayo sijapata kuijua tena maishani.

Mama alibonyeza na mguu wa pili, taratibu, kama anayejaribu embe.

Baba alikuwa amerudisha macho juu. "Ikishavimba hivyo," aliniuliza, "inabaki na muda gani?"

Nilimjibu haraka, nikishukuru kwamba jibu lilikuwa zuri. Mwalimu alisema mamilioni ya miaka.

"Hiyo ni nyota, mwanangu," alisema, akainama kuteremsha suruali ili ifunike miguu. Kuinama kwenyewe kulimshinda, na mama akamsaidia.

Asubuhi mama alimpeleka hospitali. Daktari hakuwa hata ameweka kipimo kifuani alipowauliza kwa nini wamechelewa kiasi hicho. Tulimzika Magu, pamba ikiwa bado haijapasuka.