Tulienda kukataa tamasha la bustanini, wakatufungulia kreti la bia

Wakuu, kwema humu?

Leo nimekuja na hasira zangu, mnivumilie. Sijaongeza chumvi. Majirani zangu wawili watatu wamo humu, wakiona nimedanganya waniumbue.

Mimi ni mtu wa Bujumbura, naishi Ngagara kwenye nyumba ya wazazi. Ukuta wetu wa nyuma unapakana na bustani ya mtaa. Kuna miti, watoto wanacheza mpira, wazee wanapunga upepo. Basi.

Baba alifariki mwaka jana. Kwetu kilio hakiishi siku ya mazishi. Baadaye inapangwa siku ya kuganduka, yaani kufunga kilio. Ndugu wanatoka mikoani, watu wanasimama mmoja mmoja kumsema marehemu, halafu maisha yanaendelea.

Mama aliisubiri siku hiyo kwa jambo moja tu, kusikia watu watasema nini juu ya mumewe. Hasa mzee Gaspard, jirani yetu, aliyefundisha shule moja na baba tangu ujana wao.

"Gaspard anajua mambo ya baba yako, mi siyajui," alikuwa ananiambia.

Siku zimekaribia, wageni wote wameshaalikwa, tunaona mabango. Tamasha kubwa la muziki, bustanini, Jumamosi ileile ya kuganduka!

Sina ugomvi na muziki, wakuu. Lakini jukwaa walilipanga mgongoni kwa ukuta wetu. Na hatukuwa peke yetu. Kuna waliohofia mikojo kwenye kuta zao, wengine nyasi kukanyagwa.

Tukakubaliana twende watu wachache kwa mwandaaji, kijana mmoja wa Kibenga. Ombi lenyewe dogo: muziki uanze jioni, sisi tukishamaliza. Msemaji wetu mzee Gaspard. Ni mwalimu, maneno anayo.

Kijana akatupokea kwenye baa. Hatujakaa vizuri, kreti la bia hilo hapo mezani. Mwenzetu mmoja, fundi Saidi, ambaye ni Mwislamu, akaletewa soda yake baridi.

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Huku ukipewa kinywaji hunywi kimyakimya. Mkubwa wenu anasimama na kushukuru kwa maneno. Na mkishashukuru, mtaanzaje tena kugombana? Mmeshakuwa wageni wa mtu.

Nikamkanyaga mzee mguu chini ya meza. Wapi! Akasimama na glasi yake.

"Tunamushukuru huyu kijana. Ametupokea vizuri sana. Mambo ingine tutaongea polepole."

Polepole gani, jamani? Jumamosi ilikuwa mlangoni!

Mimi chupa yangu sikuifungua, nikidhani watu wataona msimamo wangu. Jirani yangu akaivuta, akaifungua, akainywa yeye.

Kesho yake nikarudi kwa yule kijana peke yangu. Akacheka, tena kwa heshima zote, akiniita grand, yaani kaka mkubwa.

"Lakini grand, wazee walikunywa na wakashukuru. Mi nimeshaambia watu wa spika waanze asubuhi."

Nikageuka nikarudi nyumbani, maana ni kweli walikunywa.

Jumamosi ikafika. Mahema uani, viti, ndugu wamejaa. Ng'ambo ya ukuta mtu anajaribu kipaza sauti, "Un, deux! Un, deux!" kisha besi ikaanza, mpaka sahani zinatetemeka mezani.

Mzee Gaspard akasimama. Alisema kwa muda mrefu, wakuu. Nilimwona akiinua mikono, akicheka, na kuna mahali akatoa leso akafuta machozi. Sikusikia hata neno moja. Mama alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio. Nilitaka kulia kwa hasira.

Wageni walipoondoka mama akaniuliza, "Gaspard alikuwa analia juu ya nini?"

Nikamwambia sijui.

Asubuhi nikaenda kwa mzee, nikamwomba aje amrudilie mama yale maneno. Unajua alinijibu nini?

"Apana, mwanangu. Kilio tumeshafunga. Ukirudilia maneno ya kuganduka, ni kama unaita kilio ingine."

Nikamwambia mzee, hakuna hata mmoja aliyeyasikia.

"Mi niliyasema," akanijibu.

Nimechoka, wakuu! Nimechoka na tamasha, na wazee, na huu ustaarabu wetu wa kushukuru kila kitu.

Nilichojifunza ni kwamba ukitumwa kukataa, kataa ukiwa umesimama, kabla kreti halijafika. Na msemaji wenu awe mtu asiye na adabu nyingi.

Sasa nisaidieni. Mzee nimwendeeje? Nimtume mtu? Kama una mawazo weka hapo chini. Kama unataka kumtukana tu, acha, hiyo kazi nimeshaifanya kimoyomoyo.

Mama hajaniuliza tena tangu siku ile. Lakini Gaspard akipita barabarani, mama anaacha anachofanya na kumtazama mpaka apotee kwenye kona.