Mtani Alipokikalia Kitabu

Kosa langu ni kuwa na kompyuta. Siku ukoo wetu ulipokaa kikao hapa Kihonda, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, ukaamua kwamba na sisi tuwe na kitabu chetu cha kumbukumbu ili watoto wajue walikotoka, macho yote yalinigeukia mimi. Sikupigiwa kura wala nini. Mjomba, mdogo wake Mama, mwalimu mstaafu anayependa kila jambo liende kwa utaratibu, alisimama akasema, "Mwandishi tunaye." Watu wakapiga makofi, wakarudi kwenye pilau.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuandika. Thubutu! Kazi ngumu ilikuwa ndugu zangu wenyewe. Nilifungua kundi la WhatsApp, nikaomba kila mmoja anitumie anachokumbuka kuhusu wazee wetu waliotangulia, yale ya kweli, ya nyumbani. Wiki mbili zikapita sioni kitu ila picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Halafu vikaanza kumiminika, na vyote vilikuwa kitu kimoja: wasifu wa marehemu. Unaujua ule unaosomwa msibani kabla ya watu kuaga. Alikuwa mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu, ameacha pengo lisilozibika. Kuna babu yetu mmoja ambaye hadi anaingia kaburini alikuwa hasalimiani na majirani pande zote za shamba. Naye mpenda watu! Kuna bibi mmoja aliyeficha sukari chini ya godoro, akaandikwa kuwa mkarimu kupindukia. Kwa mujibu wa ndugu zangu, ukoo wetu haujawahi kuzaa mchoyo.

Wakaleta na vitu ili nivipige picha vikae kitabuni. Kibuyu, rozari iliyokatika, jembe lililolika likabaki kama kijiko. Kukawa na kiatu kimoja ambacho pande mbili za ukoo zilikigombania, kila upande unaapa ni cha babu yao, mpaka fundi viatu wa jirani alipokitazama akasema jamani, hiki ni cha kike.

Basi nikachapa nilichonacho, nikaenda steshenari Mafiga, wakakitoboa na kukitia ringi. Nikampelekea Mama.

Mama hasomi tena. Presha ya macho imeshalichukua jicho la kulia, la kushoto linaona mwanga na vivuli tu. Nikaketi kitandani kwake nikaanza kumsomea, na nikaanzia pale nilipojua anapangojea, kwenye sura ya mama yake, yaani Bibi yangu. Sura hiyo aliiandika Mjomba kwa mkono wake. "Marehemu alikuwa mama mpole, mwenye hekima na mtulivu, aliyewalea wanawe katika maadili mema..."

"Ngoja kwanza," Mama akanikatisha. "Huyo ni nani?"

"Bibi, Mama. Mama yako."

"Mama yangu? Mtulivu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Weee! Mwanangu, huyo ni mama wa watu. Mrudisheni kwao."

Kisha kicheko chote kikaisha usoni. Akaniambia macho hayamsumbui sana, ameshayazoea. Kinachomsumbua ni kwamba mama yake ameanza kumtoka. Sauti yake alishaisahau zamani. Sasa hata mwendo wake, hata namna alivyokuwa akisimama, akijaribu kuvuta kumbukumbu haziji. "Nilifikiri kitabu kitanirudishia," akasema. "Kumbe na nyie hamnaye."

Na kweli hatukuwa naye. Bibi alikuwa na picha moja tu maishani, ya siku ya ubatizo kule juu Mgeta, na palepale mpiga picha alipobonyeza, Bibi aliinama kumkamata kuku. Tunachoona ni mgongo, kanga, na kuku. Mjomba alikuwa na miaka sita Bibi alipofariki, kwa hiyo naye aliandika alichokitunga. Na Mama, binti mkubwa, hakumzika. Siku Bibi anazikwa mlimani, Mama alikuwa wodi ya wazazi hapa mjini, amejifungua mtoto wake wa kwanza, huyu huyu kaka yangu mwenye nyumba ya vikao. Wakubwa walikubaliana wasimwambie mpaka apate nguvu. Akaja kuambiwa siku ya tisa. Habari hiyo niliijua tangu utotoni, lakini niliijua kama habari tu. Siku ile niliiona usoni mwake, nikaumia.

"Walisema mtani alimwigiza mazishini mpaka padre akacheka," Mama akasema. "Kila mtu alimwona mama yangu siku ile, isipokuwa mimi."

Niwaeleze wasiojua. Kwetu Uluguru kila ukoo una watani wake, koo nyingine ambazo tumerithi kutaniana nazo, na kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa kamili. Wafiwa wanalia, yeye anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, na kama marehemu alikuwa mbahili anautoa ubahili wake mbele ya jeneza. Watu wanalia huku wanacheka. Huruhusiwi kununa wala kumnyima anachodai. Sasa nikajiuliza, mimi mwenye akili zangu nimewaendea ndugu wote kuomba sifa, mbona sikumwendea mtani?

Nikauliza kwenye kundi kama yule mtani wa Bibi bado yu hai. Yu hai bwana! Ana miaka themanini na ushee, anaishi Mafiga kwa mjukuu wake, nyumba ya nne kutoka pale nilipotilia kitabu ringi.

Mjomba aliposikia akang'aka. "Kitabu ni kitu cha heshima. Utani una mahali pake."

"Mahali gani, Mjomba?"

"Msibani!"

"Na humu kitabuni umemwona nani ambaye hajafa?"

Alinitazama juu ya miwani kama bado niko darasa la nne. Akasema atakuja, lakini kusimamia.

Jumapili baada ya Misa tukakusanyika kwa kaka. Mtani alikuja kwa bodaboda, amekaa upande, kitambaa kichwani hakijasogea hata kidogo. Tukampa shikamoo zetu, akaziitikia moja moja bila haraka, akaketi. Mjomba akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili.

"Humu kuna marehemu wangapi?" akauliza.

"Ishirini na mmoja," Mjomba akasema kwa fahari.

"Ishirini na mmoja! Mmewazika wote humu bila kuniita mimi?" Akakiweka kitabu kwenye kiti, akakikalia. "Haya. Hatoki mtu humu mpaka nipate kuku."

Ikabidi kaka atoke nje akimbizane na jogoo kuzunguka tangi la maji, na sisi dirishani tunamwelekeza: huku, huku, hapana, ameshapita! Mama hakuona hata moja ya hayo lakini alicheka kuliko sote. Jogoo alipofungwa miguu na kulazwa chini ya kiti, mtani akainuka, akaomba kanga.

Aliifunga kiunoni, fundo upande wa kushoto. Mkono mmoja akautupa mgongoni, kidevu akakitanguliza mbele, na ikatoka sauti ambayo haikuwa ya yule mama tuliyemsalimia. Ilikuwa nyembamba, kali, ya haraka, Kiluguru na Kiswahili pamoja. Alimfokea mnunuzi aliyeleta debe lililotanuliwa ili apimiwe njegere. Alipiga magoti kusali rozari, na katikati ya kila Salamu Maria anamfukuza mbuzi, kisha anaendelea palepale alipoishia. Alimpiga mtoto kofi la hewani, halafu akampa ndizi na kumwambia asiwaonyeshe wenzake.

Nilikuwa naandika mbio, mkono unauma. Nikasikia mtu anacheka kwa sauti ya ajabu, kugeuka, Mjomba! Amevua miwani, anajifuta macho kwa tai.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa. Jamani, ile ndizi nilikula mimi."

Mama peke yake alikuwa ametulia. Ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio limeelekea sauti, vidole vinashika na kuachia ukingo wa kiti. Mtani akamtazama, akaacha vichekesho. Akaenda taratibu hadi mlango wa jikoni, akatugeuzia mgongo, akaita jina. Lilikuwa jina la Mama la utotoni, na mimi mwanawe sikuwa nimewahi kulisikia.

"Uko wapi wewe? Maharage yanaungua!"

"Abee, mama! Naja!"

Mama alikuwa ameshasimama. Bila fimbo, miaka sabini na sita, anakwenda mbio mbio kuelekea sauti ile huku mikono imetangulia. Hakuna aliyethubutu kumshika. Alimfikia mtani, akampapasa bega, akapapasa fundo la kanga.

"Sikuja, mama," akasema. "Siku ile sikuja. Nilikuwa nimejifungua, hawakuniambia."

Nikajua sasa utani umekwisha, mtani atarudi kwenye sauti yake, ampe pole, tulie wote. Hakurudi. Kidevu kilibaki palepale mbele.

"Umezaa nini?"

"Wa kiume."

"Mzima?"

"Mzima, mama."

"Basi mlete nimwone. Unasimama tu!"

Kaka yangu ana miaka hamsini na sita. Ana kitambi, ana wajukuu wawili, na ndiye anayetuchapa wote kwa maneno vikao vikianza kuchelewa. Aliinuka kwenye kiti chake, akavuka sebule yake mwenyewe, akapiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba." Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza huku, akakigeuza kule, akakipapasa utosini. Kisha akamgeukia Mama. "Mbona hana nywele?"

Mama aliangua kicheko, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, bado ameishikilia ile kanga.

"Ndivyo alivyozaliwa, mama," akasema. "Ndivyo alivyozaliwa."