Swali Nililomwuliza Baba Askofu

Harufu ya chokaa mbichi ikinipata mahali popote, hata katika ofisi ya watu, hujikuta nimesimama wima kama mtoto anayengoja kukaguliwa kucha. Katika parokia yetu kule Munyaka, chokaa ilikuwa na maana moja tu: Baba Askofu anakuja. Mawe ya kando ya njia yalipakwa, mashina ya miti yakapakwa, na mwaka mmoja mbuzi wa padri alipita karibu mno na ndoo akatoka na ubavu mweupe. Nadhani Baba Askofu aliishi akiamini kwamba Eldoret nzima inanuka chokaa.

Nilikuwa na miaka kumi. Jina langu la ubatizo, Scholastica, lilikuwa limewashinda wote nyumbani, nikabaki Skola. Mama alikuwa akiwafulia watu nguo na kuzipiga pasi. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, akifanya shifti za usiku, kwa hiyo Jumapili zake zilikuwa za kulala. Yeye alitoka upande wa ziwa. Mama alizaliwa Moi's Bridge, binti wa wakulima waliohamia huko kutoka Murang'a. Waliongea Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, na mimi nikarithi zote mbili, jambo lililowafurahisha sana wenzangu shuleni.

Mama hakukosa misa hata mara moja, hata kuwe na matope ya kumeza viatu. Lakini ukifika wakati wa komunyo, benchi letu lote liliinuka na yeye akabaki ameketi. Aligeuza magoti upande ili watu wapite, akiangalia mikono yake. Nilipomwuliza sababu, aliniambia ana vidonda vya tumbo. Nikaamini, ingawa nilimwona kila siku akila githeri, mahindi kwa maharagwe, yenye pilipili bila shida yoyote. Pasaka ya mwaka ule nilipopokea komunyo yangu ya kwanza, nilipita mbele ya magoti yake nikienda na nikapita tena nikirudi, na moyo uliniuma kwamba kitu kitamu namna hii, ambacho nilikuwa nimekingoja mwaka mzima, tumbo lake linakikataa.

Baba Askofu alikuja mwezi wa Agosti kuwapa vijana Kipaimara. Alikuwa mtu mrefu, mwenye viatu vikubwa vilivyokwisha visigino, na alijiendeshea pikapu yake mwenyewe. Wazee wa parokia walimpenda ila kwa jambo moja. Misa ikiisha, kuku wakiwa tayari mezani, yeye hakwenda kula. Alivuta kiti akaketi na watoto chini ya hema, akatuuliza maswali ambayo katekista hakuwa ametufundisha. "Nani hapa hakunywa chai asubuhi?" aliuliza mwaka huo, na mikono ilipoinuka alituma mkate uletwe kutoka meza ya wageni. Katekista wetu, Mzee Zakayo, alijikuna shingo tu.

Baada ya hapo Askofu alikuwa na desturi ya kusema, "Sasa nyinyi niulizeni." Mzee Zakayo alishajua hilo, na kwa wiki mbili alikuwa amenifundisha swali la kuuliza: kofia ya askofu inaitwaje na ina maana gani. Lilikuwa swali salama. Nililikariri hadi Baba akalijua akiwa usingizini.

Basi nilisimama. Sketi yangu ilikuwa imepigwa pasi na Mama hadi ingeweza kusimama peke yake. Nikamtazama Baba Askofu, na badala ya kofia, mdomo wangu ukasema, "Baba Askofu, kuna komunyo ya watu wenye vidonda vya tumbo? Mama yangu hapokei. Hajawahi kupokea, na anakujanga kila Jumapili."

Wale kina mama waliokuwa wakipakua wali waliacha kupakua. Mtu mmoja alikohoa. Mama Kasmiri, mwenyekiti wa chama cha akina mama, alifunga macho kama mtu aliyeumwa na jino. Mimi nilifikiri wamependezwa na jinsi nilivyouliza kwa sauti.

Askofu hakucheka. Alininyooshea mkono nisogee karibu. "Hilo ni swali kubwa," akasema, "siwezi kulijibu hapa. Kwenu kuna chai?"

"Iko," nikasema.

"Basi nenda umwambie mama nakuja."

Nilikimbia. Lakini habari ilikuwa imenitangulia, kwa maana Mama alikuwa nje ya hema na alisikia kila neno kwa masikio yake. Nilimkuta chumbani amevua kitambaa chake cha Jumapili, akikikunja na kukisukuma chini kabisa ya sanduku pamoja na rozari. Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Wewe umenivua nguo mbele ya watu," akasema. "Mimi kule sirudi tena. Utakuwa ukienda peke yako."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kanisa ndilo lililokuwa raha ya pekee ya Mama; wiki nzima alikuwa na mashati ya watu, Jumapili alikuwa na nyimbo. Nami nilikuwa nimemnyang'anya kwa sentensi moja.

Askofu alifika kwa miguu, amekunja kanzu mkononi isishike matope. Baba aliamshwa, akatoka na fulana akitafuta shati, na katika nyumba ya mpiga pasi halikupatikana hata shati moja ambalo ni lake. Nilitumwa nje kumenya viazi. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na mabati hayafichi kitu.

"Baba Askofu, wacha niseme mwenyewe," nilimsikia Baba. "Mimi nilifunga ndoa ya kanisa nyumbani, nikiwa kijana. Tulishindwana, lakini yule mama yuko hai, na kwa Kanisa bado ni mke wangu. Huyu nimekaa naye miaka kumi na moja."

Kijiko kilizunguka kwenye kikombe.

"Na mnaelewana?" Askofu akauliza.

"Huyu?" Baba akasema. "Huyu ndiye nyumbani kwangu."

Mama alianza kulia. Askofu akangoja amalize, kisha akasema polepole, "Mama Skola, sitakudanganya. Kile unachotaka siwezi kukupa. Ningekuwa nacho ningekitoa kabla ya kuketi."

"Basi nikae nyumbani?"

"Hapana. Ukikaa nyumbani mimi nitakuwa nimekukosea mara mbili." Akanywa chai. "Naskia wewe ndiye unapiga pasi vizuri kuliko wote hapa Munyaka. Vitambaa vya altare ya hii parokia vinafuliwa vibaya, nimeviona leo. Unaweza kunifulia?"

Jumatano iliyofuata padri mwenyewe alileta kifurushi. Mama Kasmiri alilalamika wiki tatu, kwamba itakuwaje mtu asiyepokea ashike vitambaa vya kalisi, kile kikombe cha divai, lakini neno la Askofu lilikuwa limeshapita. Mama aliyafuata maagizo ya padri kwa ukali mkubwa: beseni la peke yake, na maji ya kwanza yasimwagwe mtaroni bali kwenye udongo safi, mahali pasipokanyagwa. Nilipomwuliza kwa nini, alisema kunaweza kuwa na chembe ya komunyo. Jumapili hiyo alikitoa kitambaa chake chini ya sanduku, akaenda, akaketi, akageuza magoti watu wapite. Tofauti ilikuwa kwamba sasa alitazama mbele.

Nilikua nikimhesabu Askofu kama mtu aliyeshindwa na swali langu. Nilimpenda, lakini niliona amemtuliza Mama kwa kazi, kama unavyompa mtoto anayelia kijiko achezee. Ilinichukua hadi ukubwani, nilipokuwa nikifundisha dini na ikanibidi kusoma sheria za ndoa za Kanisa, kuelewa kwamba jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jepesi na liliandikwa wazi: mwache huyu mwanaume, Jumapili ijayo utapokea. Maparoko wawili waliotangulia walikuwa wamemwambia Mama hivyo, nilikuja kujua. Askofu alilijua kuliko wao. Aliketi katika nyumba ile, akamsikia Baba akisema alichosema, na hakulitamka. Hakuvunja sheria, wala hakuitumia kama panga. Alichukua kitu kilichokuwa karibu zaidi na kile alichoshindwa kutoa, akakiweka mikononi mwa Mama.

Alishafariki, yule mzee. Baba naye alitutoka mwaka juzi, yule mke wake wa ujana akiwa bado hai, na tukamrudisha Baba kwao upande wa ziwa kumzika. Mama alikuwa sasa mjane, na sheria haikuwa na neno juu yake. Alikwenda kuungama, na Jumapili benchi lilipoinuka, aliinuka nalo. Nilitembea nyuma yake kwenye foleni. Watu wa Munyaka walijua, na wengine walitabasamu, na Mama Kasmiri, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, alipiga kigelegele palepale kanisani.

Mimi pia nilikuwa na furaha, nisiwafiche. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu nilipokuwa na miaka kumi. Tuliporudi na kuketi, niliona machozi yanamtiririka, nikamshika mkono nikidhani tunalia jambo moja.

Akaniinamia sikioni. "Skola," akasema, "baba yako angekuwa bado yuko, mimi ningekaa tu."