Magari Tuliyojigawia Kaloleni

Enzi zetu pale Kaloleni, Nairobi, kila mtoto alikuwa na gari. Usicheke, nasema kweli! Saa kumi jioni ikifika, tukishavua sare za shule na kumeza uji mbio mbio, tulikimbilia ule ukuta mfupi unaotazama barabara ya Jogoo, tukaukalia kwa mstari, mabuyu mfukoni, na mchezo ukaanza. Gari la kwanza kutokea upande wa mjini ni la mtoto wa kwanza, la pili ni la wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukuta, kisha tunarudia. Ukiliona lako unapiga kelele, "Langu!" mpaka mishipa ya shingo inakusimama. Chochote chenye magurudumu kikija kwa zamu yako ni chako, hakuna kubadilisha. Anayekataa anatoka mchezoni, na mabuyu yake wanakula wenzake.

Raha iliyoje! Wafula, mtoto wa fundi wa reli aliyekaa mlango wa pili kutoka kwetu, alikuwa na bahati ya kuudhi. Magari marefu meusi ya wakubwa yalitokea kwa zamu yake kila siku. Mimi Mwende nilipata trekta, nikapata lori la takataka, na siku nzuri sana nilipata Kobe, lile gari dogo la mgongo wa mviringo lililokohoa njia nzima. Haikunivunja moyo hata kidogo. "Jaza tangi!" tuliamrisha, tukiwaiga madereva wa kituo cha petroli cha jirani, ambako tulienda kunusa ile harufu tamu mpaka tukafukuzwa. Kisha tulisafiri hadi Machakos na Kakamega na kurudi, bila kutoka ukutani. Mama alikuwa akitoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Magari mnayo ishirini, na hakuna hata moja la kunichotea maji!"

Baba alikuwa dereva wa lori la kanjo, yaani baraza la jiji. Kutwa alishika usukani, na jioni alirudi kwa blakimamba yake, baiskeli nyeusi nzito yenye kengele, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo. Petroli ilipopanda, wenzake wachache waliokuwa na magari walinung'unika, naye alicheka na kuipigapiga keria. "Hii yangu inakunywa chai tu," alisema. Alipofika ukutani alisimama, nikarukia nyuma, tukaingia mtaani tukipiga kengele kama maharusi.

Sasa kuna siku moja. Wafula ametoka kupata gari refu kuliko yote tuliyowahi kuona, na watoto bado wanapiga mayowe. Zamu ni yangu. Nimekodoa macho upande wa mjini, barabara tupu. Mara, kengele. Ni Baba.

"La Mwende! La Mwende!" Ukuta mzima uliangua kicheko.

Nilikunja mikono. "Silitaki hilo," nikasema kwa sauti. "Hilo si gari."

Baba alikuwa karibu, mguu mmoja ameshaanza kuushusha ili asimame. Aliurudisha kwenye pedali, akapita. Mabuyu yangu yaliliwa palepale.

Nyumbani alikula kama kawaida. Lakini kesho yake hakupita ukutani, wala siku iliyofuata. Alianza kuzunguka Soko la Burma, katikati ya mabucha, akaingia mtaani kwa nyuma, mahali ambapo hakuna mtoto wa kumwona. Alifika amechelewa, shati likinuka moshi wa nyama choma. Mama alimwandama: "Baba Mwende, nyama unakula Burma, halafu unakuja hapa kuangalia tu isyo yangu!" Naye Baba aliinamia sahani hiyo ya mahindi na maharagwe, akamjibu, "Nilikula harufu tu." Mama hakumwamini. Mimi nilijua kila kitu, na nilinyamaza. Nikamaliza shule nimenyamaza. Nikaolewa nimenyamaza. Naona aibu hata kuandika hivi.

Si ajabu basi nilipopata pesa za biashara yangu ya mapazia kule Eastleigh nilinunua gari refu jeusi la magurudumu manene. Wafula angeniona! Lakini siku hizi, katikati ya mwezi bei mpya za mafuta zikitangazwa, mtaa wetu wa Umoja unanyamaza kama darasa linalosubiri matokeo. Jirani mmoja amelifunika la kwake kwa turubai na sasa anatembea. Mwingine kanunua kigari ambacho akikaa ndani magoti yanagusana na masikio. Wa ghorofa ya juu ana pikipiki anayoichaji kama simu! Mimi nilitoka kwenye "jaza" nikaja kwenye "weka nusu," kisha "weka ya mia mbili," mpaka siku moja mhudumu wa petroli aliniangalia kwa huruma. "Madam," akasema, "na hii hata taa ya tangi haitazima."

Nikaliuza. Na kwa umri huu wangu wa miaka hamsini na mbili nikanunua baiskeli! Nyeusi, yenye kengele na keria! Magari yakikwama First Avenue kule Eastleigh, mimi huyoo, napenya.

Mwanangu Kyalo ana miaka kumi na sita. Kizazi chake kinaita gari kwa kidole gumba, na dereva akichelewa dakika mbili wanamwona mkosaji. Hajawahi kusukuma gari lililozima, wala hajui ukuta ni wa kazi gani. Alipoiona baiskeli alishika kichwa, akaniomba nisionekane nayo shuleni kwao. "Mathe, please, usikam nayo shule. Maboyz wataniona aje?"

Nilicheka. Kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nayajua.

Jumamosi hiyo hiyo niliifuata barabara ya Jogoo hadi Kaloleni, ambako Baba bado anaishi katika nyumba yetu ile ile. Ukuta bado upo, lakini hauna mtoto hata mmoja. Wako ndani na simu zao, na magari yanayopita ni mengi kuliko tulivyowahi kuota, yote hayana mwenyewe. Waliokuwepo ni wazee watatu kwenye viti vya plastiki, Baba katikati, kikombe mkononi. Nilipiga kengele.

Aliinua uso. Aliweka kikombe chini, akaunyosha mkono wote.

"Langu!" akapaza sauti. "Hilo langu!"

Nilishuka nikilia na kucheka. "Baba, ile siku..."

Alinikatiza. "Umepitia wapi?"

"Njia ya mbele, Baba. Mbele ya watu wote."

Alibonyeza tairi. Alipigapiga keria. Akapiga kengele mara mbili, wazee wenzake wakageuka.

"Inakunywa nini hii?"

"Chai, Baba."

"Basi twende ndani," akasema, "tukaijaze tangi."