Rili ya Mzee Nampota na Beberu wa Mpwapwa

Jamani, kabla hamjaanza kucheka, naomba mjue kwamba yule mtu mnayemwona kwenye video, anayeburutwa kifudifudi na mbuzi huku amevaa suti, ni mimi, suti ni ya kuazima, na wale wanaopiga vigelegele pale nyuma ni kwaya nzima ya kanisa. Nimejaribu kuificha aibu hii nimeshindwa, maana video ilishamfikia hata mama yangu Mpwapwa, akanipigia simu akaniuliza swali moja tu: "Elia mwanangu, huyo mbuzi alikukosea nini?" Kwa hiyo bora niseme mwenyewe kuliko kusimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo.

Chanzo ni mdomo wangu. Mimi na Vero tulikuwa na miaka miwili tunapendana, na barua ya posa nilishaipeleka kwao kupitia mshenga, lakini baba yake, Mzee Nampota, aliipokea, akaisoma, akaitia kwenye droo, miezi mitatu hakuna jibu. Mzee huyu ni mtu wa Mtwara, kazi ya serikali ndiyo iliyomleta Dodoma, na alikuwa amebakiza wiki chache tu astaafu arudi kwao akavue samaki, jambo alilokuwa akilisema kila siku kama mtu anayesubiri kutoka jela. Sasa siku hiyo nimekwenda kuwasalimia pale kwao Nkuhungu, nimekaa na soda yangu, mzee ananionyesha picha yake ya ujanani ameshika chewa mkubwa kama mtoto wa darasa la pili, akanitazama akasema, "Lakini ninyi watu wa huku bahari mtaijulia wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema "hatuijui, baba" tukacheka yakaisha. Mimi nikasema, "Mimi mwenyewe ni mvuvi, baba."

(Nilichowahi kuvua maishani ni perege wawili kwenye bwawa, tena mmoja nadhani alikuwa ameshakufa zamani.)

Loo, uso wa mzee uling'aa! Akasogeza kiti. Akaniambia anahitaji rili mpya, yaani ile mashine ya mkono inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja mshipi wa ndoano, maana ya zamani ilikufa kwa kutu, na yeye na simu za siku hizi hawapatani, kwa hiyo mimi mvuvi mwenzake nimchagulie. "Nataka ya kuvulia samaki wa chini kabisa, chewa na changu," alisema. "Isiliwe na chumvi, na bei isiniumize. Barua yako ninayo kwenye droo, Elia. Nikiona unavyochagua kitu cha kukaa nacho miaka, nitajua nikujibu nini."

Mnaona uzito wa jambo? Vero aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia alinitolea macho hayo, na nilipokuwa naondoka akanisindikiza mpaka getini akaninong'oneza, "Elia, mvuvi wa wapi wewe? Rudi ukamwambie baba ukweli sasa hivi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuchagua rili ni kama kuchagua baiskeli. Akafunga geti.

Wiki nzima nikawa sina kazi nyingine. Ofisini nafungua majalada huku chini ya meza naangalia rili. Kulikuwa na moja ya rangi ya dhahabu, inang'aa mpaka unaionea haya, bei rahisi, picha yake imezungukwa na nyota na maneno ya kusifia, nami nilikuwa nimeshaikubali kabisa moyoni. Bahati nzuri nikampigia kwanza muuzaji, kijana mmoja wa Kariakoo, akaniuliza, "Bosi, unavulia kina gani?" Nikajibu, "Kina cha kawaida tu." Akauliza tena, "Bosi, wewe uko wapi?" Nikamwambia Dodoma. Haki ya Mungu yule kijana alicheka mpaka akakohoa, lakini alikuwa na moyo mzuri, maana alipomaliza kucheka alinifundisha. Akaniambia ile ya dhahabu ndani ni plastiki tupu, ni ya kuvulia vidagaa, chewa mmoja akivuta kutoka chini kwenye miamba gia zinasagika kama karanga. Nichukue ile nyeusi isiyo na mbwembwe, mwili wa chuma, gia za shaba, ngoma nene ya kukunjia mshipi, na pembeni ina kigurudumu chenye umbo la nyota ambacho ndicho breki: ukikikaza samaki hapati mshipi, ukikilegeza mshipi unatoka. Na baada ya kila safari ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Bei ilikuwa ya kati, si ya kuumiza, na akasema hiyo mzee ataizeekea.

Nikainunua hiyo nyeusi. Niseme tu wazi, katika mkasa huu wote hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya.

Rili ilipofika kwa basi nikataka nihakikishe kweli chumvi haiwezi kuila, na bahari sina. Nikakumbuka kwamba maji ya kisima cha pale ninapopanga yana chumvi mpaka chai yake unaijua tangu kwenye harufu, nikajaza ndoo, nikaitumbukiza rili ya mzee siku tatu. Mpangaji mwenzangu alipita akaniuliza, "Elia, unaloweka maharage ya chuma?" Siku ya nne nikaitoa, nikaifuta, haina hata doa, inazunguka laini. Basi kiburi kikapanda. Ile breki ya nyota sikuigusa kabisa, niliona haina maneno.

Jumamosi ikawa sherehe ya kumuaga mzee nyumbani kwake. Turubai, viti, kwaya ya kanisa, wafanyakazi wenzake, na wenzake wengine walitoka Mpwapwa wakamletea zawadi ya beberu, mweupe mwenye mabaka meusi, shingo nene, ndevu za mzee wa kanisa, wakamfunga kwenye nguzo ya turubai, naye akawa anatutazama wote kama sisi ndio tuliokuja kuchinjwa. Mimi nimepiga suti ya rafiki yangu (yeye mnene, mimi mnajua nilivyo), boksi mkononi.

Mshereheshaji akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" watu wakaitika, akaniita jina. Nikapita mbele, "Shikamoo baba," "Marahaba," nikampa mzee boksi kwa mikono miwili. Akalifungua, akaitoa rili. Akaizungusha. Akaipima uzito kwenye kiganja, akasikiliza gia sikioni, akatabasamu, na jamani, mimi pale nilishaanza kuhesabu siku za harusi.

"Nzito," akasema. "Nzuri. Hii breki yake umeijaribu?"

Ningesema hapana! Neno moja tu! "Nimeijaribu sana baba, tena na vitu vizito," nikasema, na mshereheshaji, Mungu amsamehe, akadakia kwenye kipaza sauti, "Basi mkwe mtarajiwa atuonyesheee!" Kwaya ikapiga vigelegele. Mzee akaagiza ile fimbo yake ya zamani ndani, akaifunga rili mwenyewe, akapitisha mshipi, akanikabidhi, akarudi kukaa miguu ameikunja. Vero alikuwa upande wa wapishi anatikisa kichwa taratibu, hapana, hapana, hapana. Nilimwona vizuri.

Sasa nitafute kitu kizito. Ningeweza kuchukua kreti ya soda. Ningeweza kuchukua jiwe. Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji, nimekua nikijua kwamba nguvu ya kamba hupimwa kwa mnyama, baba yangu hakuwahi kununua kamba bila kuifunga kwanza kwenye ng'ombe, basi macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa beberu. Nikafunga mshipi kwenye kamba ya shingo yake, nikamfungua kwenye nguzo, nikatangaza, "Huyu ndiye chewa!"

Chewa akaondoka.

Nilichotaka ni breki imzuie pole pole, mshipi utoke kidogo kidogo, watu waone ufundi. Nikazungusha ile nyota. Kumbe nimeilegeza yote. Ngoma ikalia vuuuu, beberu akapita katikati ya kwaya, sauti ya kwanza na sauti ya pili zikatengana kila mtu na njia yake, akazunguka nguzo ya turubai, akapita chini ya meza ya keki, huyo anatokea upande wa pili na kitambaa cha meza mgongoni. Watu wanapiga kelele, "Kaza! Kaza!" Nikakaza. Nikakaza kweli kweli, nyota ikafika mwisho, na muuzaji wa Kariakoo hakunidanganya hata kidogo, jamani ile rili ilishika! Haikuachia hata inchi. Aliyeachia ni mimi, miguu yote miwili ikaondoka ardhini, nikaanguka kifudifudi, na beberu akaendelea na safari zake.

Mtaniuliza kwa nini sikuitupa ile fimbo. Nilijiuliza pia, nikiwa huko chini, vumbi la Nkuhungu linaingia mdomoni, suti ya watu inachanika. Lakini niliwaza, nikiiachia itajigonga kwenye mawe, rili ya mzee itavunjika, na barua yangu ndiyo hiyo imekwisha. Nikashika. Nikaburutwa kupita wageni wa heshima, nikapita viatu vya mama yake Vero (nilivitambua), mpaka mshipi ulipojisokota kwenye nguzo, nguzo ikang'oka, na turubai likatushukia taratibu mimi, beberu, na mshereheshaji.

Nilipotolewa, mzee alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Hakuwa anacheka. Alichukua kwanza rili kutoka mikononi mwangu, akaizungusha, nzima. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Elia, umewahi kuvua baharini?"

Nilimwangalia, sikuwa na uongo mwingine uliobaki. "Baba," nikasema, "hata kuiona sijawahi."

Nilichokuwa sijui ni kwamba kipaza sauti kilikuwa chini ya tumbo langu, kimewashwa. *Hata kuiona sijawahi* ikasikika mtaa mzima. Jamani nilicheleweshewa kifo tu siku ile.

Kicheko kilipoisha (kilichukua muda mrefu, kwaya ilianza upya mara mbili), mzee akasimama, akajikung'uta, akasema mbele ya watu wote, "Rili nimeipenda. Wewe, bado sijui." Nikahisi moyo umeshuka mpaka kwenye soksi. Halafu akamnyooshea beberu kidole. "Huyu siwezi kupanda naye basi mpaka Mtwara. Mchukue umtunze. Siku nikimhitaji nimkute mzima na mnene."

Huu ni mwezi wa nne sasa tangu siku ile. Beberu anaishi nyuma ya nyumba ninayopanga, amekula soksi zangu mbili na daftari la mpangaji mwenzangu, akiniona na kamba anainamisha pembe. Nimelipia suti. Vero aliacha kuongea na mimi wiki mbili, akarudi, ila mpaka leo nikisema neno "najua" ananikata hapo hapo, "Unajua, au umesikia?" Na mimi nimeapa, kitu nisichokijua nitasema sikijui, hata mbele ya mkwe, hata mbele ya kipaza sauti, maana mdomo ndio ulioponza kichwa, na kichwa kikaponza suti ya watu.

Kila Jumapili jioni mzee hunipigia kutoka Mtwara. Hanisalimii. Anauliza, "Beberu hajambo?" Namjibu hajambo, baba, anakula, naye mzee anakata simu. Jumapili iliyopita alipiga, nikasikia upepo na maji nyuma yake, akaniambia rili imemtoa chewa chini kwenye miamba, mkubwa kuliko yule wa kwenye picha, na breki haikuteleza hata kidogo. "Beberu hajambo?" akauliza. Hajambo, baba. Nikasubiri akate, hakukata.

"Basi msimnyime majani," akasema. "Huyo ndiye ndafu wa kuchomwa mzima kwenye harusi yenu, mkwe wangu."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi, karibu na beberu, nikalia kama mtoto. Naye akala kola ya shati langu.